Feni ya dari ikigoma, ichunguze kabla ya kusema imeungua

JOTO la Februari na Machi, kabla mvua ya masika haijabisha hodi, halina huruma katika wadi ya Ekalakala, kaunti ndogo ya Masinga, Machakos. Kufikia saa nane mchana nyumba ya mabati huwa kama tanuri, na hata usiku kuta huendelea kutema moto uliomezwa mchana kutwa. Katika nyumba ambazo umeme umefika, feni ya dari, au pangaboi kama wengi wanavyoiita, si anasa tena. Ndiyo inayomwezesha mtoto mchanga kulala na mgonjwa kupumua.

Ndiposa feni inapokwama, nyumba nzima huhangaika. Hukumu hutolewa upesi: mota imeungua. Fundi huja, hunusa, hutikisa kichwa, na mwenye nyumba hutakiwa anunue feni nyingine. Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Kilichoharibika huwa ni kifaa kimoja cha ukubwa wa kiberiti, ambacho bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya feni, au ni skrubu iliyolegea, au hata si feni yenyewe bali umeme unaoifikia.

Kwa upande mwingine, wapo wanaothubutu kupita kiasi. Hupanda meza, huzima swichi ya ukutani, kisha hushika nyaya kwa mikono mitupu wakiamini kwamba wamekata umeme. Hao wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupoteza pesa.

Umeme uliochelewa kufika

Eneo hili si geni kwa habari za umeme. Bwawa la Masinga, lililojengwa katika Mto Tana na kuanza kazi mwaka wa 1981, lina mitambo yenye uwezo wa kuzalisha megawati 40. Ndilo ghala la maji linalotegemewa na mabwawa yaliyo chini yake, yakiwemo Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Hata hivyo, kwa miaka mingi umeme huo ulipita juu ya vichwa vya wenyeji ukielekea gridi ya taifa, huku boma nyingi za vijijini zikiendelea kuwasha koroboi.

Mambo yalibadilika hatua kwa hatua, hasa baada ya mradi wa Last Mile kuzinduliwa mwaka wa 2015. Mradi huo ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma, na ada ya kuunganishiwa umeme ikashushwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000.

Historia hiyo ina uhusiano wa moja kwa moja na feni. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu haipati volti sawa na nyumba iliyo chini ya transfoma, hususan jioni kila mtu anapowasha vyombo vyake. Isitoshe, mara nyingi umeme uliingia ndani ukiwa wa balbu chache na soketi moja au mbili. Feni ilinunuliwa baadaye, na waya wake ukaungwa kutoka kwa taa iliyo karibu, pengine na kijana jirani aliye mwepesi wa mikono badala ya fundi mwenye leseni. Viungo vya namna hiyo ndivyo chanzo cha hitilafu nyingi ambazo lawama yake huangukia mota.

Feni huzungukaje?

Mota ya feni ya kawaida ina koili mbili za waya wa shaba zilizosukwa ndani ya kitovu. Moja ni koili kuu, ya pili ni koili ya kuanzishia. Umeme wa majumbani nchini, wa volti 240 na hezi 50, ukipitia koili kuu pekee hutoa nguvu ya sumaku inayosukuma na kuvuta papo hapo bila kujua upande wa kuelekea. Mota hunguruma tu. Ili ipate mwelekeo, koili ya pili hupewa umeme uliotangulia kidogo kuliko ule wa koili kuu, na kazi ya kuutanguliza hufanywa na kapasita, ambayo mafundi wengine wa zamani huiita kondensa.

Kapasita hiyo haitoki kazini baada ya feni kuanza kuzunguka, bali huendelea kutumika muda wote. Kwa hiyo huchoka. Joto la dari huichosha zaidi, na hakuna dari lenye joto kama lile lililo chini ya bati lisilo na silingi.

Nyaya zinazotoka katika mota huwa tatu: wa pamoja, ambao kwa kawaida huenda kwenye nyutro, wa koili kuu, na wa koili ya kuanzishia. Kapasita huwekwa kati ya hizo mbili za mwisho. Rangi zake hutegemea kiwanda kilichounda feni, na ni kosa kuziamini. Hata nyaya za nyumba zenyewe hazifanani: nyumba za zamani zina nyekundu kwa waya wenye umeme na nyeusi kwa nyutro, ilhali za karibuni zina kahawia na samawati. Waya wa ardhi huwa wa kijani, au kijani chenye mistari ya manjano. Nyumba iliyoongezewa chumba inaweza kuwa na mifumo yote miwili ndani ya sanduku moja, na hapo fundi asiyepima hubahatisha.

Swichi ya ukutani haitoshi

Hili linafaa kuelezwa kabla ya mtu yeyote kupanda ngazi. Swichi ya ukutani hukata waya mmoja tu. Fundi akiwa ameiweka ipasavyo, hukata waya wenye umeme na feni hubaki salama. Akiwa amechanganya, swichi hukata nyutro: feni husimama, kila mtu huamini kwamba hakuna umeme, kumbe nyaya zote ndani ya mota zingali na volti 240 zikisubiri wa kuzigusa. Kwa macho, hali hizi mbili hazina tofauti yoyote.

Njia ya pekee ya kutegemewa ni kuzima swichi kuu, ile inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, kisha kuweka alama au kumwachia mtu mzima mmoja ailinde. Mtoto anayetaka kutazama katuni haulizi ni nani aliye juu ya ngazi.

Baada ya kuzima, pima. Testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani, ni chombo cha haraka lakini si shahidi wa kuaminiwa peke yake. Huenda ikakosa kuwaka kwa sababu taa yake imekufa, au ikawaka kwa umeme hafifu unaoambukizwa na waya wa jirani. Desturi ya mafundi waangalifu ni kuijaribu kwanza mahali wanapojua pana umeme, kupima feni, kisha kurudi kuijaribu tena palepale pa mwanzo. Maltimita ni bora zaidi, na zile za bei nafuu zatosha kwa kazi hii.

Kapasita nayo ina hila yake. Feni ikiwa nzima, umeme uliobaki ndani ya kapasita humalizikia kwenye koili mara tu swichi inapozimwa. Lakini koili ikiwa imekatika, umeme huo hukosa njia ya kutokea na unaweza kubaki. Kiasi chake ni kidogo, wala si rahisi kimuue mtu. Kinachoweza kumuua ni kushtuka akiwa juu ya ngazi. Gusisha ncha zake mbili kwa balbu ya kawaida ya waya au kwa rezista kabla ya kuishika.

Ifahamike pia kwamba nchini Kenya kazi ya kutandaza nyaya za umeme ni ya watu walioidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Mwenye nyumba anaweza kutazama, kusikiliza, kuzungusha mapanga kwa mkono umeme ukiwa umezimwa, na kulinganisha. Kufungua viungo, kupima koili na kubadilisha vifaa ni kazi ya fundi. Hata hivyo, anayejua dalili humwongoza fundi huyo, wala hadanganywi kwa urahisi.

Feni iliyo kimya kabisa

Feni isiyozunguka wala kunguruma haipati umeme, au umeme hauna njia ya kurudi. Anza mbali, uje karibu. Je, tokeni zimeisha? Swali hili linachekesha, lakini kwa nyumba ambazo mita yenyewe iko juu ya mlingoti na ndani kuna kibodi tu, si ajabu mtu kukaa saa nzima akilaumu feni. Je, taa za chumba hicho zinawaka? Zikiwa zimezimika pia, breka au fyuzi ya saketi hiyo ndiyo ya kutazamwa. Irudishe mara moja tu. Ikianguka tena, iache ilivyo, maana inafanya kazi yake.

Taa zikiwaka na feni ikawa kimya, washukiwa ni watatu: swichi, regulata na viungo vilivyo ndani ya kikombe kinachoficha ndoano darini. Mshukiwa wa tatu husahauliwa mno. Feni hutikisika kila sekunde ya uhai wake, na mtikisiko huo hulegeza skrubu za konekta mwaka baada ya mwaka. Kiungo kilicholegea hupata joto, plastiki hubadilika rangi ikawa kahawia, na mwishowe waya hujitenga. Mara nyingine mwenye nyumba huwa ametangulia kuona dalili: feni ilikuwa ikizima na kuwaka yenyewe, au ikiamka inapopigwa kwa ufagio.

Kipo kipimo kimoja ambacho mafundi wazoefu hukitumia hapa. Swichi ikiwa imewashwa, testa hugusishwa kwenye konekta ya feni, upande mmoja kisha wa pili. Ikiwaka upande mmoja tu, umeme unafika na tatizo liko mbele, ndani ya feni. Isipowaka popote, tatizo liko nyuma, kwenye swichi au regulata. Ikiwaka pande zote mbili, basi nyutro imekatika mahali fulani: umeme umepita kwenye koili, ukafika ng'ambo, ukakosa njia ya kurudi nyumbani. Wengi huona taa mbili na kudhani feni imepata umeme maradufu. Hiki ni kipimo kinachofanywa umeme ukiwapo, na hakimfai asiyekizoea.

Regulata huchunguzwa kwa kuiondoa katika njia. Umeme ukiwa umezimwa, fundi huunganisha pamoja nyaya zake mbili kwa konekta, kisha huwasha. Feni ikizunguka kwa kasi yake yote, mota haina kosa.

Inanguruma lakini haizunguki

Hii ndiyo dalili inayowaponza wengi, kwa maana mngurumo hufananishwa na kilio cha mota inayokata roho. Kinyume chake, mngurumo ni ushahidi kwamba umeme umefika na koili kuu ingali hai.

Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha zungusha mapanga kwa mkono. Yakizunguka kwa ulaini na kuendelea kwa muda yenyewe, sogea hatua inayofuata. Yakiwa mazito au yakisaga, beringi zimekauka au zimekufa, na hilo ni tatizo la grisi na chuma, si la umeme. Vumbi jekundu la maeneo haya huzimaliza upesi.

Mapanga yakiwa mepesi, washa umeme, simama sakafuni, na uyasukume taratibu kwa ufito mkavu wa mti. Kamwe usitumie mkono wala chuma. Feni ikishika mwendo baada ya kusukumwa, tena ikakubali kwenda upande wowote ule uliosukumiwa, karibu bila shaka kapasita imekufa, au waya wake umeachia. Pasipo kapasita, mota imepoteza mwelekeo lakini haijapoteza uhai. Katika hali hiyo isiachwe ikiwa imewashwa. Koili iliyosimama huku ikipitisha umeme hupata joto, na joto hilo likiachwa kwa saa kadhaa litageuza tatizo dogo kuwa lile kubwa ambalo mwenye nyumba alihofia tangu mwanzo.

Kununua kapasita kunahitaji kusoma. Juu yake huandikwa ukubwa kwa maikrofaradi, alama yake ikiwa µF, pamoja na volti. Kwa feni za dari, ukubwa wa 2.5 µF ni wa kawaida sana, ingawa zipo za 1.5 hadi zaidi ya 3. Nunua ukubwa uleule ulioandikwa kwenye ile ya zamani, na volti zisizopungua za awali, kwa kawaida 400 au 440 za umeme wa AC. Baadhi ya mafundi huweka kubwa zaidi ili feni "ipate nguvu". Ni kweli feni huweza kuongeza kasi kidogo, lakini koili ya kuanzishia hubebeshwa mzigo usio wake, ikachemka, na miezi michache baadaye mteja hurudi na mota iliyoungua kwelikweli. Waweza kudhani wanatafutana wateja.

Si lazima kapasita iliyokufa iwe imevimba au kupasuka. Nyingi hufa zikiwa zimependeza. Maltimita yenye sehemu ya kupimia kapasita humaliza ubishi kwa sekunde chache.

Inazunguka kwa uvivu

Kapasita haifi kwa siku moja kila mara. Huweza kupungua kutoka 2.5 µF hadi 1.5 µF kidogo kidogo, na feni hupoteza kasi taratibu hata wenyeji wakazoea. Feni iliyokuwa ikitawanya magazeti mezani na sasa haipeperushi hata pazia, ina habari ya kusimulia.

Lakini kabla ya kuishuku, tazama saa. Kama feni ni nzito saa mbili usiku na huchangamka saa nane usiku, wakati majirani wamelala, hitilafu haimo ndani yake. Ni volti zilizopungua. Nguvu ya mota ya aina hii haipungui sambamba na volti. Hupungua kwa mraba wake. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 180, yaani zikibaki robo tatu, nguvu ya kuzungusha hubaki takriban asilimia 56 tu. Fundi anayebadilisha kapasita katika nyumba hiyo anatibu jino zima. Kinachofaa ni kupima volti kwenye soketi jioni na usiku wa manane kwa siku kadhaa, kuandika namba hizo, na kuziwasilisha kwa Kenya Power. Malalamiko yenye namba na saa ni vigumu kuyapuuza kuliko kauli kwamba "stima ni kidogo".

Kinyume chake ni hatari zaidi. Laini za mitaani hubeba volti 415 kati ya fezi na fezi, na nyutro ndiyo inayohakikisha kila nyumba inapata 240. Nyutro ya nje ikikatika, baadhi ya nyumba hupokea volti nyingi kupindukia huku nyingine zikififia. Balbu zikianza kung'aa isivyo kawaida na feni ikapiga kasi isiyo yake, zima swichi kuu mara moja, kisha uripoti. Hapa hakuna la kuchunguza.

Regulata nazo zina tabia zake. Zile za kizamani, zenye kisanduku kikubwa, hupunguza mwendo kwa kupitisha umeme kwenye waya wa ukinzani. Waya huo ukikatika, feni hukataa mwendo wa chini lakini huenda vizuri kwenye namba ya juu kabisa, kwa kuwa hapo waya huo hautumiki. Za kielektroniki hufanya feni iimbe kwa sauti nyembamba inapopunguzwa mwendo. Huo si ugonjwa, ni tabia. Na dima ya taa isitumiwe kamwe mahali pa regulata ya feni.

Je, mota imeungua kweli?

Hatimaye huja zamu ya koili. Maltimita huwekwa kwenye sehemu ya omu, umeme ukiwa umezimwa na kapasita ikiwa imetolewa, kisha nyaya tatu hupimwa mbili mbili. Matokeo huwa matatu, na yanapaswa kukubaliana: kipimo kikubwa kiwe sawa na jumla ya vile viwili vidogo. Mathalani, vipimo vikiwa omu 180, 220 na 400, hesabu inakubali na koili zote mbili zimeunganika. Nyaya mbili zilizotoa 400 ni ncha za koili, na waya uliobaki ndio wa pamoja. Kwa njia hiyo fundi hutambua nyaya bila kujali rangi.

Kipimo kikikosa kusoma chochote katika jozi mbili kati ya tatu, koili moja imekatika. Mara chache chache bahati husimama upande wa mwenye nyumba: mkatiko uko pale waya unapotoka kwenye mota, na waweza kuunganishwa kwa risasi. Vipimo vikiwa vidogo mno, ilhali feni huzunguka kwa uzito huku ikichoma mkono, baadhi ya mizunguko ya koili imegusana. Harufu ya vanishi iliyoungua huthibitisha.

Hapo ndipo mtu huamua kama ataipeleka mota kwa fundi wa kusuka, huenda Matuu au Thika, au atanunua mpya. Kusuka upya kunafaa ikiwa feni ni nzito, ya shaba, na fundi ni wa kuaminika. Feni nyepesi ya bei ya chini haifai gharama hiyo.

Kuna kosa moja linalowapata hata waliofaulu. Baada ya matengenezo, feni huzunguka kwa kasi nzuri lakini upepo hauonekani. Haijapungua nguvu. Nyaya za koili kuu na koili ya kuanzishia zimebadilishana nafasi, feni inazunguka kinyume, na upepo wote unakwenda kwenye mabati.

Feni inayopiga shoti

Mtu akishtuliwa na feni, au na nyororo yake ya kuwashia, isitumiwe tena hata kama inazunguka vizuri. Waya wenye umeme umegusa mwili wa chuma, ama kwa sababu kihami cha koili kimeoza, ama kwa sababu waya umesuguliwa kwenye ukingo wa fimbo ya kuning'inizia. Maltimita ya kawaida huenda isione uvujaji huo. Fundi huhitaji mega, chombo kinachopima kihami kwa volti 500.

Kama nyumba ingekuwa na waya wa ardhi ulio kamili, breka ingeanguka au fyuzi ingekatika kabla ya mtu kushtuka. Feni kutoa shoti ni ushahidi wa makosa mawili kwa pamoja: uvujaji ndani ya feni, na kukosekana kwa njia ya ardhini. Waya wa kijani hukatwa na kuachwa ukining'inia kwa dhana kwamba feni "inafanya kazi hata bila huo". Na hata pale ulipounganishwa, nondo iliyozikwa nje ya nyumba hutegemea udongo. Ardhi kavu hupitisha umeme kwa shida, na huku kiangazi hukausha udongo kwa miezi. Nondo iliyopimwa msimu wa mvua ikafaulu yaweza kushindwa Septemba. Kwa sababu hiyo, kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile chenye kitufe cha majaribio, si pambo katika nyumba za sehemu hizi.

Za sola na za kisasa

Maelezo yaliyotangulia yanahusu feni za kawaida zinazotumia takriban wati 50 hadi 80. Siku hizi zipo zenye sumaku za kudumu na saketi ya kielektroniki, zinazouzwa kwa herufi BLDC, ambazo hutumia wati 30 hivi kwa upepo unaokaribiana. Feni ya wati 70 ikitumika saa 10 humaliza uniti 0.7 za umeme, na ya wati 30 humaliza 0.3. Tofauti hiyo huonekana kwenye tokeni. Lakini haziunganishwi na regulata ya ukutani, na zikigoma, kapasita si ya kwanza kushukiwa. Huanza remoti na betri zake, kisha saketi, ambayo kwa kawaida hubadilishwa nzima.

Nazo nyumba zinazotumia sola kupitia inveta za bei nafuu hukuta feni ya kawaida ikinguruma na kuchemka ingawa ni mpya. Inveta hizo hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini. Feni ile ile ikitulia inapounganishwa na umeme wa Kenya Power, au wa inveta nyingine iliyo bora, hakuna cha kutengenezwa ndani yake.

Baada ya matengenezo yoyote, feni huwashwa na kupitishwa katika kila mwendo, kisha huachwa kwenye mwendo wa juu kwa nusu saa. Halafu huzimwa kwenye swichi kuu, na mtu hupanda akashika kitovu chake. Kiwe na uvuguvugu, hilo ni la kawaida. Kikiwa na joto ambalo kiganja hakiwezi kulivumilia hata kwa sekunde chache, kazi haijaisha, na fundi asilipwe salio lake hadi apime zile nyaya tatu tena.